Mstari Ulioachwa Pembeni mwa Ramani

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake, tunaomba mtulie kidogo tuwaeleze mtu tuliyekuja kumzika. Wasifu huu umeandikwa na dada yake wa tumbo moja, na ndiye anayeusoma. Humu ndani ataitwa dada mtu. Kwa mama yao walikuwa wawili tu, kwa hiyo hakuna atakayechanganya.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1979, saa tatu asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya posta. Baba alikuwa mpeleka barua, mama mshonaji. Dada mtu alikuwa na miaka mitatu kasoro miezi miwili, na hadi asubuhi hiyo mapaja ya mama yalikuwa yake peke yake. Mama husimulia kwamba dada mtu alipoletwa amwone mtoto, alimtazama juu mpaka chini, kisha akauliza, "Anarudi lini kwao?" Watu hucheka wakisikia hivyo. Dada mtu hakuwa akitania.

Mtoto alichelewa kusema, lakini hakuchelewa kuonyesha. Alinyoosha kidole kwa mlango, kwa kuku, kwa mawingu, kwa wageni waliokuja kushonewa nguo. Jina la Kidole lilimshika hapo, likamfuata shuleni na kazini, na ndilo mnaloliona kwenye jalada la ratiba mliyoshika. Jioni baba aliporudi na mfuko wake mtupu, alimpakata na kumtajia nyumba alizopitia siku hiyo: ya fundi viatu, ya mlango wa kijani, ya mbwa mkali. Kidole alionyesha upande ilipo kila nyumba, na hakukosea. Baba alimsifu mpaka majirani wakachoka kusikia. Dada mtu alizijua nyumba zilezile, na majina ya wenye nyumba juu yake, ila hakuulizwa.

Marehemu alianza shule ya msingi Januari 1986 na kumaliza sekondari mwaka 1998. Hisabati kwake ilikuwa mchezo. Dada mtu alikuwa amemaliza miaka mitatu kabla yake, akakosa nafasi ya chuo kikuu kwa alama mbili za hisabati. Mbili tu. Akaenda kusomea uchoraji, na mwaka 1996 akaajiriwa kuchora ramani kwa mkono katika ofisi ya upimaji ardhi. Mkono wake ulikuwa mzuri. Wenzake wa zamani wapo hapa, mnaweza kuwauliza mkitoka.

Kuna jambo moja la wakati huo ambalo marehemu alipenda kulisimulia. Mwaka 1997 aligonga mwamba kwenye somo la jiografia. Hakuelewa kontua, ile mistari ya duara kwenye ramani inayoonyesha mwinuko wa ardhi. Dada mtu alichukua kiazi jikoni, akakikata nusu, akakilaza kifudifudi juu ya ubao, kisha akakikatakata vipande vya bapa kuanzia chini kwenda juu. Kila kipande alikizungushia kalamu kwenye karatasi, kimoja ndani ya kingine. "Haya, umeona? Huu ndio mlima wako. Mistari ikibanana, jiandae kuhema." Kidole alitazama karatasi, akatazama kiazi, akapiga kelele mama akadhani amejikata. Maisha yake yote alipoulizwa nani alimfundisha ramani, alijibu, "Dada yangu, kwa kiazi."

Oktoba 1999 aliingia chuo kikuu kusomea shahada ya Sayansi ya Taarifa za Kijiografia. Kozi ilikuwa mpya. Baba alimweleza kila aliyempelekea barua kwamba binti yake anasomea "ramani za kompyuta", na nyumbani jina la kozi lilitajwa mezani kila siku kabla ya chai kupoa. Dada mtu alikuwa anachora ramani mwaka wa nne sasa, za wino, za kweli, zinazotumika kugawa viwanja. Hakuna barua iliyowahi kufika na habari hizo.

Mwaka wake wa pili, marehemu alimwalika dada mtu akaone chumba cha kompyuta. Kilikuwa ghorofa ya tatu, kina joto, na mashine kumi na nane kwa wanafunzi thelathini na mmoja, hivyo wengi walikaa wawili wawili. Kidole alimtambulisha kwa sauti, "Jamani, huyu ndiye dada wa kiazi!" Wote wakamkaribisha kwa shangwe. Kisha akamwonyesha kazi yake. Alieleza kwamba kwenye mfumo huo ramani huwekwa kwa matabaka: tabaka la mito, tabaka la barabara, tabaka la nyumba, na unaweza kuyauliza maswali, kwa mfano, ni nyumba zipi ziko karibu na mto kuliko barabara. Akabonyeza. Wilaya nzima ikajitokeza kwenye kioo, mito na barabara na vilima, kabla dada mtu hajashusha mkoba begani. Ilikuwa wilaya ambayo dada mtu aliichora kwa miezi minne, akiinama mpaka shingo ikakataa kugeuka.

"Dada, vipi, umependa?"

"Nzuri," dada mtu alisema.

Alirudi nyumbani na kichwa kinamuuma. Wivu aliokuwa nao tangu mtoto yule alipoletwa amwone, siku hiyo ulipata kazi ya kufanya. Linasemwa hapa si ili lionekane jambo dogo.

Mwaka wa nne ulikuwa wa mradi wa kuhitimu. Marehemu aliamua kuonyesha nyumba zilizo hatarini mto ukifurika, katika bonde lililo upande wa pili wa mji. Alizunguka bonde zima kwa miguu na kipokezi cha setilaiti alichoazima chuoni, akichukua alama ya kila nyumba. Kipokezi kilikuwa cha zamu, na kilimfikia mwisho kabisa, wiki mbili kabla ya siku ya kutetea mradi. Kilichobaki ni ramani ya bonde lenyewe, yenye mto na miinuko. Ramani hiyo ilikuwa ofisini kwa dada mtu, na ramani za asili haziruhusiwi kutoka. Kidole akamwomba dada yake amnakilie.

Dada mtu alimnakilia, tena vizuri. Kontua zote, mto na vijito vyake, kila kitu mahali pake. Lakini ramani za zamani za ofisi ile zilipimwa kwa msingi mmoja, yaani mahali vipimo vyote vinapoanzia kuhesabiwa, na setilaiti hupima kwa msingi mwingine. Ukizilaza moja juu ya nyingine bila kurekebisha, kila kitu kinahama hatua mia tatu. Ndiyo maana pembeni mwa kila ramani, chini kushoto, kuna mstari mmoja wa maandishi unaotaja msingi uliotumika. Hakuna mchoraji anayeusahau. Dada mtu aliuandika mara mia kadhaa katika kazi yake, angeweza kuuandika amefumba macho. Alipofika chini kushoto kalamu ilikuwa na wino. Aliifunika, akaikunja nakala, akampelekea mdogo wake.

Kidole aliikunjua mezani, akaizungusha, akaikagua pembeni. Chuoni walikuwa wamemfundisha kukagua.

"Dada, mbona hii haina maelezo ya msingi wa upimaji?"

"Haina. Za bonde lile ziko hivyohivyo."

"Kwa hiyo ni sawa na za setilaiti?"

"We chora tu, Kidole. Utanifundisha mimi?"

Akacheka, akasema, "Haya, mwalimu wangu," akaikunja akaondoka nayo.

Alitetea mradi wake Ijumaa, tarehe 20 Juni 2003, saa nne asubuhi. Baba alikuja na sare yake ya kazi iliyopigwa pasi. Mama alimshonea sketi mpya. Dada mtu alikaa benchi la nyuma. Marehemu alisema vizuri sana, bila karatasi, akionyesha kwa kidole chake kilekile, na mwishoni akaweka ukutani ramani ya nyumba mia mbili na kumi na mbili zilizo hatarini. Walimu watatu wakaitazama. Mmoja wao, mzee mwenye miwani ya kamba, aliinuka akaisogelea.

"Binti, mimi naishi bonde hilo. Nyumba yangu ni hii hapa, sivyo?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa ramani yako iko katikati ya mto."

Marehemu alisogea, akaitazama nyumba hiyo.

"Na mimi leo asubuhi nimetoka mlangoni nikiwa mkavu kabisa."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Soko lilikuwa mtoni, shule mtoni, na vibanda vya ukingoni, ambavyo kila masika hubebwa na maji, vilikuwa salama salimini juu ya kilima. Marehemu alisimama akiishika kamba ya kipokezi. Baba hakuelewa, akageuka nyuma kumuuliza dada mtu kuna nini. Dada mtu alikuwa anacheka pamoja na wengine.

Mradi ulikataliwa, akarudishwa mwaka mzima. Nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, aliyoahidiwa mwanafunzi wa kwanza wa darasa, alipewa kijana aliyekuwa wa pili. Marehemu hakumlaumu mtu. Alisema, "Ni uzembe wangu, ningehakikisha mwenyewe." Akaanza upya. Miezi mitano baadaye aligundua kosa liko wapi, akaja nyumbani mbio kumweleza dada yake. Alichukua machungwa mawili, moja kubwa moja dogo, akayamenya, akalaza ganda juu ya ganda kumwonyesha jinsi misingi miwili isivyolingana. "Kumbe hata nyie ofisini hamkujua!" alisema. Dada mtu aliyatazama maganda, akauliza maswali mawili, kama mtu anayesikia jambo geni.

Alihitimu Novemba 2004 kwa daraja la juu, na Februari 2005 akaajiriwa na mamlaka ya maji. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutafuta mabomba ya chini ya ardhi, kwa maana mji mzima hakuna aliyekuwa na ramani yake isipokuwa msimamizi mmoja wa mafundi bomba, naye ramani hiyo alikuwa nayo kichwani. Walitembea pamoja mitaa yote. Msimamizi alisimama kwenye kona, akapiga kisigino chini, akasema, "Hapa kuna la inchi sita, linakata kushoto." Kidole akaweka alama. Baada ya miezi kumi na moja msimamizi aliwalalamikia wenzake: "Huyu binti ananikomba kichwa. Akimaliza nitabaki na nini? Bora nimwoe, angalau vitu vyangu vikae nyumba moja." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 9 Desemba 2006. Dada mtu alicheza sana siku hiyo, na picha zipo. Ndoa yake mwenyewe ilikuwa imevunjika mwaka huohuo, lakini hiyo ina wasifu wake.

Mwaka 2009 chumba cha uchoraji cha ofisi ya ardhi kilifungwa. Meza za kuchorea zilitolewa nje, kompyuta zikaingizwa, na mtaalamu akaitwa kuwafundisha wachoraji wa zamani. Mtaalamu aliyeitwa alikuwa Kidole. Alifundisha wiki tatu. Alisimama nyuma ya kiti cha dada yake, akaweka mkono wake juu ya ule wa dada ulioshika kipanya, akasema taratibu, "Bofya hapa, dada. Sio hapo. Hapa." Wengine walimwita bosi. Alikataa, akawaambia kwamba yule pale ndiye aliyemfundisha yeye. Dada mtu aliomba ruhusa, akaenda msalani, akafungua bomba ili asisikike.

Wale aliowafundisha mamlaka ya maji mnajua kauli yake. Hakupokea ramani kabla ya kuikagua chini kushoto. "Soma pembeni kwanza," alikuwa akisema, "halafu ndio uangalie mito." Mliifanya utani wa ofisi, mkaiandika kwenye kikombe chake cha chai. Dada mtu alipokwenda kumtembelea, alipewa chai kwenye kikombe hicho.

Marehemu alijaliwa watoto wawili, wa kiume na wa kike. Aliwalea kwa ukali kidogo na vichekesho vingi. Baba alifariki mwaka 2011 akiwa amemshika yeye mkono, kwa kuwa dada mtu alikuwa ametoka kununua maji. Hata hilo dada mtu alimwonea wivu.

Aprili 2024 alianza kuumwa mgongo na tumbo. Tarehe 22 Mei madaktari walisema ni saratani ya kongosho, imeshasambaa. Alilazwa mara tatu, mara ya mwisho tarehe 19 Julai, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Wageni walikuja kwa makundi: mafundi bomba, wasoma mita, yule mwalimu wa miwani ya kamba akiwa na mkongojo. Dada mtu alivunjika mguu mwaka 2016, akalala hospitali hiyohiyo siku kumi na moja, na wageni wake walikuwa sita, Kidole akiwa wanne kati yao kwa sababu alikuja mara nne.

Alhamisi, tarehe 1 Agosti, saa tisa alasiri, walibaki wawili. Dada mtu alikuwa anamkata kucha. Alimwambia. Hakuzunguka: ramani ya bonde ilikuwa na mstari, na mimi niliuacha, kwa makusudi.

Marehemu aliutazama mkono wake ulioshikwa. Kisha akauliza, "Nilikuuliza, sivyo?"

"Uliniuliza."

"Mezani."

"Mezani."

"Miaka ishirini na moja nimejiona mzembe, dada." Akaurudisha mkono wake chini ya shuka. Kucha za mkono mmoja zilikuwa hazijakatwa. Akageukia dirishani, na siku ile hakusema tena. Ijumaa hakusema naye. Jumamosi aliongea na mumewe, akaongea na watoto, akamtania muuguzi, na dada mtu alikaa kwenye kiti mlangoni akisikiliza zamu za wenzake.

Jumapili asubuhi alimwita. Sauti ilikuwa imekwisha, dada mtu akalazimika kuinama.

"Wasifu wangu utauandika wewe. Una mkono mzuri."

"Nitauandika."

"Na huo mstari uuandike. Usome mbele za watu."

Dada mtu alilia. Alimuuliza, "Umenisamehe, mdogo wangu?"

Marehemu alimtazama. Alikuwa na macho ya mtu anayekagua kazi.

"Andika kwanza," alisema.

Aliaga dunia Jumanne, tarehe 6 Agosti 2024, saa mbili asubuhi, mumewe akiwa kando yake. Dada mtu alikuwa njiani, na daftari mkobani, ameandika kurasa mbili.

Mwenyekiti wa kamati ya mazishi, ambaye ni mjomba wa marehemu, aliomba sehemu ya ramani iondolewe. Alisema, "Mambo ya ndani yabaki ndani." Mume wa marehemu alizisoma kurasa zote, akarudia, akauliza, "Yeye alisema iandikwe?" Akaambiwa ndiyo. "Basi iandikwe." Mama alisomewa jana jikoni. Alisema, "Kijicho chako nilikijua tangu zamani. Sikujua kama kilishika kalamu." Hajasema neno jingine tangu hapo, na hatujui atasema lini.

Marehemu ameacha mama, anayeketi hapa mbele, mume, mtoto wa kiume wa miaka kumi na sita na wa kike wa miaka kumi na mitatu, mjomba, na wafanyakazi wenzake mliojaa mpaka barabarani. Dada mtu amewatazama tangu asubuhi, na amejikuta akiwahesabu, akijiuliza siku yake watakuja wangapi. Marehemu ameacha pia dada huyo mmoja. Hakuambiwa amesamehewa. Aliambiwa aandike, na ameandika, na mmesikia wote.

Mwenyezi Mungu ampumzishe Kidole kwa amani.